Gegedu ya kifundo cha mguu: nitobolewe vitundu au niwekewe kipande kutoka gotini? Waliopita huku naombeni ushauri

Mguu_Pande:

Wakuu habari za saa hizi. Niende moja kwa moja maana hapa nilipo nimeweka mguu juu ya mto na barafu. Mwaka jana mwanzoni niliteguka kifundo cha mguu wa kulia nikishuka ngazi, nikajua ni yale mateguko ya kawaida, bandeji, wiki mbili nikarudi kazini. Uvimbe uliisha ila kuna maumivu ya ndani kabisa hayajawahi kuisha, sio ya juu kwamba ukibonyeza unasema ni hapa, yani ni kama jino linauma ila liko mguuni. Asubuhi niko poa, nikisimama masaa mawili matatu ndo linaanza, jioni kifundo kimejaa na kiatu hakitoki vizuri. Eksirei ya kwanza walisema hamna kitu, nikazungushwa na vidonge vya maumivu karibu mwaka mzima mpaka daktari mwingine alipoamua kuniandikia MRI.

Majibu ya MRI: gegedu (ile tabaka laini inayofunika mifupa kwenye kiungo) juu ya mfupa wa talasi, ule mfupa unaobebana na muundi ndani ya kifundo, imeharibika upande wa ndani pamoja na mfupa ulio chini yake. Ukubwa wameandika milimita 15 kwa 11, na ndani ya mfupa kuna vishimo vyenye maji, wanaita sisti.

Sasa shida ndo inaanzia hapa. Daktari wa kwanza kasema ataingiza kamera, asafishe gegedu iliyokufa, atoboe vitundu kwenye mfupa damu itoke, ipone yenyewe. Maikrofrakcha. Unaingia asubuhi jioni unarudi kwako. Nikaenda kwa wa pili kupata maoni tofauti, huyo akaangalia picha akatikisa kichwa, anasema hiyo ya vitundu kwa ukubwa huu ni kupoteza muda, dawa ni kuchukua kipande cha mfupa na gegedu yake gotini kipandikizwe kifundoni, na ili afike pale inabidi akate nundu ya mfupa ya upande wa ndani, aifungue kama mlango, halafu airudishe na skrubu mbili. Mguu unaouma ni mmoja jamani, goti limekosa nini?

Nikasoma soma mwenyewe nikakuta na utando wa kolajeni unaobandikwa, na kuotesha seli maabara, na mifupa ya marehemu. Kichwa kimejaa. Nina miaka 34, kazi yangu ni ya kusimama, mpira nilikuwa nacheza wikiendi. Nauliza waliofanyiwa: ipi inadumu? Na ipi mngerudia?

Kobe_Mwendo:

Pole mkuu. Nakaa hapa nisome, mi nina shida hiyohiyo kushoto na daktari wangu ni mtu wa kusema "tutaona".

VitunduSaba:

Mkuu jina langu linajieleza. Nilifanyiwa maikrofrakcha miaka minne iliyopita, jeraha langu lilikuwa dogo kuliko lako, milimita 8 na kidogo, upande wa nje. Nilichomwa sindano ya mgongo sikulala kabisa, nikaomba daktari anigeuzie skrini. Nikuambie kitu nilichoona. Mguu wanaufunga mkanda wanauvuta ili kifundo kifunguke, matundu mawili madogo mbele, kimoja kamera kingine vifaa, ndani maji yanapita muda wote. Gegedu nzima inang'aa nyeupe kama nyama ya dafu. Halafu unafika sehemu moja imechanika chanika inapepea kwenye maji kama uzi wa nguo kuukuu. Akaikwangua yote mpaka kingo zikasimama wima, akachukua kichuma chenye ncha iliyopinda akagonga vitundu, kimoja hapa kingine pembeni kidogo, umbali wa milimita tatu nne hivi. Nilihesabu saba. Kisha akasema funga maji. Maji yalipofungwa tu, kila kitundu kikaanza kutoa damu taratibu na vitone vya mafuta, akaniambia umeona, huo ni uboho, ndo dawa yenyewe. Basi, akafunga nyuzi mbili.

Uponaji wake: wiki mbili sikukanyaga kabisa, halafu nikawa nakanyaga kidogo kidogo kwenye buti, ila kukunja na kukunjua kifundo nilianza mapema sana maana walisema gegedu mpya inalishwa na maji ya kiungo na maji hayazunguki mguu ukikaa kama gogo. Miezi mitano nikakimbia. Raha tupu karibu miaka miwili.

Halafu yakarudi. Sio kama mwanzo ila yakarudi. Na sababu kumbe haikuwa vitundu, ilikuwa kwamba kano zangu za nje zilikuwa zimelegea tangu zamani na mguu ulikuwa unateguka kila nikikanyaga kijiwe, hakuna aliyenipima hicho kitu kabla ya kunitoboa. Mtu umetengeneza sakafu vizuri lakini paa bado linavuja. Nikarudi wakakaza kano, sasa ni mwaka wa pili natembea vizuri, mpira nimeacha mwenyewe kwa woga tu. Kwahiyo mkuu kabla hujachagua vitundu au vizibo (hivyo vipande vya kutoka gotini) waulize: kifundo changu kimelegea? Kisigino changu kimekaa wima au kimeingia ndani? Wakikwambia hawajaangalia, rudi waangalie.

Ah na kingine, sehemu ya juu ya mguu wangu karibu na vidole ina ganzi mpaka leo, kama nimevaa soksi nusu. Kuna mshipa wa fahamu unapita hapohapo wanapoweka tundu la mbele upande wa nje. Haiumi, ila hukuniuliza na mi nakwambia.

Sista_wa_Thieta:

Kaka pole. Mimi sio daktari, ni nesi wa chumba cha upasuaji, mifupa ndo kazi yangu ya kila wiki kwahiyo naongea ninayoyaona pale mezani na ninayosikia madaktari wakibishana wakati wa kunawa mikono. Chukua kama mazungumzo ya nyumbani, uamuzi mwachie aliyekushika mguu.

Kwanza ujue kitu kimoja kitakachokusaidia kuelewa vingine vyote. Gegedu haina mishipa ya damu na haina mishipa ya fahamu. Haiumi. Hilo jino lako linalouma ni mfupa ulio chini yake. Gegedu ikipasuka, kila ukikanyaga maji ya kiungo yanasukumwa kwa nguvu kupitia ule mpasuko yanaingia kwenye mfupa, ukikanyaga mara elfu kwa siku ndo vile vishimo vinachimbika. Kwahiyo swali la kuuliza sio tu nitapata gegedu nzuri kiasi gani, ni pia mfupa wangu wa chini unatengenezwaje na mlango wa maji unazibwaje. Watu wengi wanasahau nusu hii.

Tukija kwenye vitundu: damu na seli za uboho zinaganda pale zinageuka kovu gumu lenye nyuzi, linaitwa gegedu lakini sio ile ya kuzaliwa nayo. Kolajeni yake, yani protini inayoijenga, ni ya aina ya 1 zaidi, yako ya asili ni aina ya 2, inateleza na kubeba mzigo vizuri zaidi. Kiraka kidogo cha aina hiyo kikizungukwa na gegedu nzima pembeni kinaishi, maana majirani wanakibebea mzigo. Kiraka kikubwa kinabaki peke yake katikati kinapigwa. Ndo maana ukubwa unaamua mambo. Miaka ya nyuma mpaka uliokuwa unatajwa ni kipenyo cha milimita 15, au eneo la milimita 150 za mraba, siku hizi wengi wameushusha, wanasema karibu milimita 10, eneo kama 107. Kwahiyo madaktari wako wawili hawajadanganya hata mmoja, mmoja anatumia mpaka wa zamani mwingine wa sasa na wewe umekaa juu ya mstari.

Lakini ngoja. Umepimwa kwa MRI peke yake? MRI ikikuta mfupa una majimaji inaonyesha eneo lote limewaka, kidonda kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Mfupa wenyewe na vishimo vyake unaonekana vizuri kwenye CT, ile picha ya eksirei inayokata mfupa vipande vipande. Nimeona zaidi ya mara moja mtu anakuja na karatasi ya MRI inasema hivi, CT inasema vingine na mpango unabadilika siku hiyohiyo. Omba CT kabla ya kugombana na goti lako. Na eksirei kutoonyesha kitu usishangae, haya majeraha yanajificha sana kwenye eksirei.

Hizo nyingine ulizosoma kwa kifupi. Kama juu gegedu iko nzima na shimo liko chini tu, wanatoboa kutokea nyuma, kwenye mfupa, bila kugusa gegedu, wanajaza shimo mfupa. Kama kipande kimebanduka kizima na kina mfupa wa kutosha, hasa jeraha likiwa jipya, wanakibana mahali pake na skrubu au pini zinazoyeyuka, na mimi binafsi naona hiyo ndo nzuri kuliko zote maana ni gegedu yako mwenyewe ila wachache wanaostahili. Utando wa kolajeni, AMIC, ni vitundu vilevile ila shimo linajazwa mfupa uliotolewa kisiginoni, kwenye muundi au nyongani, halafu juu wanabandika utando na gundi ya fibrini ule uboho usikimbie. Operesheni moja tu. Kuotesha seli ni mbili: ya kwanza wanachota gegedu kidogo, maabara wanazizidisha kwa wiki kadhaa, ya pili wanarudisha. Walianza Waswidi, walichapisha kazi yao ya goti mwaka 1994, kwenye kifundo ikafuata baadaye. Bei yake huwa inawakimbiza watu kabla hata ya kufika mezani. Mfupa wa marehemu ni kwa yale mashimo makubwa ambayo hata goti haliwezi kutoa kizibo cha kutosha, na lazima apatikane mtu mwenye talasi ya saizi yako, na ukae kwenye foleni.

Halafu ukisikia mtu anakwambia hii ni bora kuliko zote, mwangalie vizuri. Kuna uchambuzi wa Waholanzi wa 2010 walikusanya tafiti nyingi, vitundu vilifaulu asilimia 85, vizibo 87, seli za kuotesha 76. Ukitazama haraka unasema vinalingana. Lakini vizibo mara nyingi wanawekewa wale wenye majeraha makubwa au walioshindikana, kwahiyo sio mashindano ya haki, ni kama kumshindanisha aliyebeba gunia na aliyebeba mfuko.

Kizibo_cha_Goti:

Nimeitwa? 😂

Mi ndo yule wa goti. Vitundu nilifanyiwa kwanza vikafeli mwaka mmoja na nusu, jeraha langu lilikuwa upande wa ndani kama la mleta uzi, sisti kubwa. Basi nikakubali vizibo, viwili, kimoja cha milimita 8 kingine 6. Mbinu hii ilipata umaarufu miaka ya 90 kutoka Hungaria, wanaita mozaikplasti kwa sababu vipande vikipangwa vinakaa kama vigae.

Tofauti na mwenzangu hapo juu mimi niliomba nusu kaputi, sikutaka kusikia nyundo. Maana ni nyundo kweli. Bomba la chuma linapigwa kwenye goti sehemu isiyobeba mzigo sana, linatolewa na kizibo ndani, sentimita moja na nusu urefu, mfupa chini gegedu juu kama kofia. Kifundoni wanatoboa shimo la saizi hiyohiyo wanakigonga kiingie taratibu mpaka uso ulingane. Daktari alinieleza kwamba kikikaa juu hata kwa milimita moja kitakuwa kinapigwa, kikizama sana nacho hakisaidii kitu. Na hiyo nundu ya mfupa unayoiogopa, matundu ya skrubu wanayatoboa KABLA ya kukata, ili ikirudi irudi palepale. Nilipoelewa hilo nikatulia kidogo.

Sasa ukweli wa baadaye. Wiki sita bila kukanyaga hata kidogo. Sita. Na sababu kubwa sio kizibo, ni ile nundu iliyokatwa, ndo inasubiriwa iunge. Kwapa zilichubuka mpaka nikajifunza kwamba gongo halikai kwapani, uzito unaubeba kwa mikono. Miezi mitatu nikawa natembea nachechemea, miezi tisa nikasahau kwamba nilikuwa na shida. Leo ni mwaka wa sita, kifundo kimenyamaza. MRI ya mwaka jana ilionyesha mfupa wa chini una kama kangazi kadogo, nikashtuka, kumbe ni kawaida maana gegedu ya goti ni nene kuliko ya kifundo, wakilinganisha juu chini hapalingani.

Goti je? Goti lilikuwa zima. Sasa hivi nikishuka ngazi nyingi linanikumbusha, nikichuchumaa muda mrefu linagoma. Sio kila mtu anapata hivyo, jamaa niliyekuwa naye wodi moja hana kitu, lakini mi nimepata na sijui kwanini watu wanakwepa kulisema. Skrubu moja ilikuwa inagusa ngozi nikivaa kiatu cha juu wakaitoa baadaye.

Ningerudia? Ndio. Ila ningependa vitundu vile vya mwanzo visingefanywa, kwa saizi yangu ile ilikuwa ni kujaribu bahati tu na daktari yule nadhani alijua. Alisema "tuanze na ndogo". Ndogo yenyewe imenikalisha miezi minne.

Mzee_Asiyekatwa:

Vijana mnakimbilia visu. Mi niliambiwa hivyohivyo nikakataa, nikavaa buti wiki sita, nikapunguza kilo tisa, fizio kwa bidii ya kusimama mguu mmoja juu ya mto kila siku nikipiga mswaki, leo natembea. Maumivu yapo lakini ni ya kuvumilika kama mke mkorofi. Mtu asikudanganye kwamba lazima.

MamaPacha:

@Mzee_Asiyekatwa shikamoo, ila hiyo ya mke mkorofi tungeiacha 😒

Nakubaliana nusu. Mwanangu mmoja wa pacha alikutwa na jeraha kama hili akiwa na miaka 11, nililia kama mtu aliyefiwa. Daktari akanituliza, akasema mtoto ambaye mifupa bado inakua mambo ni tofauti, kipande kilikuwa bado kimeshika, akamfunga plasta na magongo, halafu buti, akamkataza kuruka ruka miezi kadhaa. Picha zilizofuata zikaonyesha mfupa umejaa. Hakukatwa kitu. Shida kubwa ilikuwa kumzuia mwenzie asichukue magongo kuchezea.

Lakini nilimuuliza daktari kama mtu mzima angefanya hivyo je, akasema kwa mtu mzima kupumzisha peke yake kunasaidia chini ya nusu yao, na kama kipande kimeshabanduka kinaelea humo au umeshajaribu miezi sita bila nafuu basi kusubiri kunakuwa kuchelewa tu. Mleta uzi ana mwaka mzima anauma. Alivyovumilia inatosha.

VitunduSaba:

Halafu @Mzee_Asiyekatwa kupungua kilo tisa sio kitu kidogo, hiyo ni tiba kabisa. Mi nimeongezeka nne tangu niache mpira.

Mguu_Pande:

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, nilikuwa nahangaikia CT kama sista alivyosema. Majibu haya hapa: kidonda ni milimita 12 kwa 9, sisti moja kina milimita 6, ukuta wa mfupa upande wa pembeni mzima. Yani MRI ilikuwa imenizidishia kweli! Nikampelekea daktari wa pili, yule wa goti, nilidhani atakasirika. Akaiangalia muda mrefu, akasema "hii inabadilisha mazungumzo". Alinipima kano pia, akashika kisigino akavuta mguu mbele, akalinganisha na wa kushoto, anasema wa kulia unacheza zaidi kidogo lakini haujalegea vya kutisha, mazoezi yatatosha kwa sasa.

Sasa kanipa njia ya tatu ambayo hakuitaja mwanzo: kusafisha, kujaza ule mshimo na mfupa kutoka kisiginoni kwangu mwenyewe, kisha utando juu. Goti linaachwa kama akiba. Anasema nundu huenda asiikate, kidonda kimekaa mbele ya kutosha, mguu ukikunjwa kuelekea chini anaweza kukifikia, ila atanisainisha kwamba akishindwa anakata. Daktari wa kwanza naye nilimpigia, bado anasema vitundu vinatosha. Sista unasemaje?

Sista_wa_Thieta:

Nimefurahi umeenda. Sasa tupige hesabu pamoja: 12 mara 9 ni 108, kidonda hakina pembe ni duara lililovutwa kwahiyo zidisha na 0.79, unapata karibu 85. Uko chini ya ule mpaka wa 107. Kwa karatasi ya MRI ilikuwa 15 mara 11 mara 0.79, zaidi ya 130. Umeona tofauti? Kwa 130 daktari wa pili alikuwa sahihi kukutisha. Kwa 85 daktari wa kwanza anapata nguvu.

Kinachobaki kubishaniwa ni sisti. Wapo madaktari wanaosema sisti ndogo haizuii vitundu kufanya kazi, wapo wanaosema ukitoboa vitundu juu ya shimo tupu umejenga sakafu juu ya pengo. Mimi kwa macho yangu tu, milimita 6 kina ningependa ijazwe. Na ule mfupa wa kisiginoni ni kakidonda ka sentimita mbili pembeni, wengi hawakalalamikii baada ya mwezi. Utando wenyewe juu yake ndo sehemu ambayo ningeuliza maswali zaidi, sio kwamba haufai, ila unaongeza gharama na bado hakuna aliyenionyesha kwamba kwa kidonda cha saizi yako unashinda kujaza mfupa na kutoboa bila utando. Muulize hivyohivyo: "Daktari, ukiondoa utando ukabakiza mfupa, napoteza nini?" Jibu lake litakwambia mengi. Akikwambia amefanya ngapi za aina hiyo na wangapi wamerudi kwake, hapo ndo unaongea na mtu.

Kuhusu kuacha goti kama akiba, hiyo ni akili. Vikifeli hivi bado kuna vizibo. Ukianza na vizibo vikafeli, ngazi inayofuata ni ndefu.

Uvutaji wa sigara kama upo acha leo, sio wiki ya operesheni. Mfupa wa kupandikiza hauelewani na sigara kabisa.

Mguu_Pande:

Sivuti sista, ashukuriwe Mungu. Hilo swali la utando nimeliandika kwenye simu, miadi ni Alhamisi. Kitu kingine kidogo, naishi ghorofa ya pili na hakuna lifti. Hizo wiki za bila kukanyaga mlipandaje?

Kizibo_cha_Goti:

Anza kufanya mazoezi ya magongo SASA HIVI kabla hujakatwa, usisubiri siku unatoka wodini una kizunguzungu cha dawa. Kupanda: mguu mzima unatangulia, magongo na mgonjwa vinafuata. Kushuka kinyume: magongo na mgonjwa mbele, mzima unafuata. Ukisahau mkiwa katikati ya ngazi kaa chini kwa makalio, shuka kikao kikao, hakuna aibu. Na begi la mgongoni, maana mikono yote imekwisha kazi, hata kikombe cha chai hukibebi, mi nilikuwa nakunywa nimesimama palepale jikoni kama korongo.

Mguu_Pande:

Nimeazima magongo ya jirani nimejaribu. Ngazi sita tu jasho linanitoka na mguu hata haujaguswa bado.